Rwenzori si Mlima wa Moto

Askari wengi waliopata kutumikia Kasese au Bundibugyo hudai kwamba Rwenzori ni mlima wa moto uliozimika, kama Elgon. Sivyo. Labda mashimo ya volkeno yaliyo huko Katwe, chini ya mlima, ndiyo yaletayo dhana hiyo. Mlima wenyewe ni jiwe gumu la kale, lililopikwa na kukandwa vilindini mwa ardhi. Sehemu yake kubwa ina umri unaozidi miaka milioni 2,000, zama ambazo duniani hapakuwa na mti wala mnyama.

Lakini kimo chake ni cha juzi. Katika miaka milioni michache iliyopita, Bonde la Ufa lilipopasuka, pande hilo la mwamba lilisukumwa juu baina ya nyufa hata likafika mita 5,109, na mabonde ya kandoni yakadidimia.

Nyufa hizo hazijatulia. Tarehe 20 Machi, 1966, ardhi ya Toro ilitetemeka, wakafa watu zaidi ya 100. Ikatetemeka tena Februari, 1994. Kwa hiyo twaona yafaa kila kambi na kila kituo cha polisi kilicho chini ya mlima huo kijue mapema uwanja wa wazi uko wapi, na majeruhi watapitishwa njia ipi.