Mwembe wa marehemu na paa la jirani

Majuma machache kabla ya masika, mama mmoja mjane wa mtaani kwetu hapa Tanga alimtuma mjukuu wake msikitini baada ya sala ya Alasiri, akitutaka wanakamati tufike kwake. Uani mwake umesimama mwembe dodo alioupanda marehemu mumewe mwaka waliohamia nyumba ile. Tawi moja limevuka ukuta na kulalia paa la jirani. Jingine limezikaribia nyaya za umeme. Jirani alikwisha kulalamika mara tatu, na mara ya tatu sauti yake ilifika hadi barazani. "Wanangu," alituambia bibi, "yeye anataka mti ung'olewe. Mimi nataka unizike. Mnasemaje?"

Hatukuwa na jibu la haraka, na sababu twaijua wenyewe. Mwaka jana kamati yetu ilikuwa na mti wake wa kukata, mwarobaini uliokuwa nyuma ya madrasa. Fundi mwenye kamba na msumeno wa mashine alitaka shilingi 180,000. Tulimwona mtu wa tamaa. Tukamchukua kijana wa mtaani kwa shilingi 30,000, akapanda pekupeku, panga kiunoni. Tawi lilipasuka kabla hajalimaliza, likachuna ganda la shina, likaangukia choo cha jirani na kuvunja mabati manne. Kijana alifuatia chini. Mkono ulivunjika mahali pawili. Roho, alhamdulillahi, ilisalimika. Matibabu, mabati na posho ya nyumbani kwao kwa muda aliokaa bila kazi vilipita mara tatu ya fedha aliyoitaka fundi. Hesabu hiyo tuliiandika kwa mkono wetu katika daftari la msikiti, na Ijumaa tulipoisoma mbele ya waumini hatukuthubutu kumtazama mzee wa kijana yule, aliyekaa safu ya kwanza. Mtoto wake tulimsomesha sisi wenyewe madrasa.

Basi safari hii tulikwenda kumwomba radhi fundi tuliyemkataa. Alikuja siku ya pili, na jambo la kwanza lililotushangaza ni kwamba hakupanda. Aliuzunguka mwembe mara mbili. Aliinama kutazama mizizi: je, udongo umeinuka au kupasuka upande mmoja? Je, kuna uyoga ulioota kwenye kitako cha shina, dalili kwamba ndani mnaoza? Aligonga shina kwa mgongo wa panga, akasikiliza kama lina uwazi. Alichunguza panda, pale shina linapogawanyika, kama pana ufa. Kisha akauliza swali ambalo hakuna kati yetu angelifikiria: shimo la maji machafu liko wapi? Gogo zito likiangushwa juu ya mfuniko wa shimo, alisema, litakwenda nalo chini, na aliyesimama karibu atalifuata.

Hukumu yake ilikuwa kwamba mwembe ni mzima. Mti ulioinama tangu ujana wake na ukajirekebisha kuelekea juu si wa kuogopesha sana. Wa kuogopwa ni ule ulioanza kuinama juzi. Kuung'oa mwembe huu kungekuwa gharama bure. Yatolewe matawi mawili, basi.

Bibi aliposikia hivyo alishusha pumzi, lakini papo hapo akapendekeza mwembe unyolewe kichwa chote ili jirani aridhike kwa miaka kadhaa. Fundi alikataa, na sababu aliyoitoa inafaa kujulikana na kila mwenye mti nyumbani, kwa kuwa wengi wetu ndivyo tufanyavyo. Mti ulionyolewa kichwa huchipua kwa wingi na kwa haraka, lakini machipukizi hayo hushika juujuu tu kwenye kisiki cha tawi, na yakinenepa ndiyo yanayovunjika kwa upepo. Isitoshe, majani ndiyo chakula cha mti; kuondoa zaidi ya robo yake kwa mara moja ni kuudhoofisha.

Tawi kubwa nalo halikatwi kwa mkato mmoja. Mkato wa kwanza hutoka chini kwenda juu, mbali kidogo na shina, wala haufiki mbali. Wa pili hutoka juu, mbele ya ule wa kwanza, na hapo tawi huanguka bila kuchuna ganda. Wa tatu huondoa kisiki kilichobaki, nje kidogo ya kile kivimbe kinachozunguka mahali tawi linapotokea, maana hapo ndipo mti hujifungia jeraha lake. Kupaka rangi au oili chafu, desturi tuliyoirithi kwa wazee, hakusaidii kitu.

Kuhusu tawi la pili, lile la nyaya, alisema hataligusa. Watu wa TANESCO waarifiwe kwanza, umeme uzimwe au walikate wenyewe, kwani mti mbichi hupitisha umeme. Kwetu sisi, neno hilo ndilo lililomtofautisha fundi na mbabaishaji. Anayekubali kila kazi kwa bei yoyote, bila kuuliza lolote, ni wa kuaga mlangoni.

Ilibaki kauli ya jirani. Wanazuoni wa fikihi wameeleza kwamba matawi yakiingia katika anga la jirani, jirani ana haki ya kutaka yaondolewe. Mwenye mti akikataa, jirani anaweza kuyarudisha nyuma, na ikishindikana, kuyakata mpaka kwenye mpaka wake. Haki yake haifiki kwenye shina lililo uani kwa mwenzake. Tulimweleza hivyo jirani. Bibi naye tulimkumbusha kisa alichokipokea Abu Dawud, cha sahaba Samura bin Jundub, aliyekuwa na mitende ndani ya bustani ya mtu wa Ansari, akiingia humo na kumuudhi mwenyewe. Mtume (SAW) alimtaka auze, akakataa; abadilishane, akakataa; aitoe zawadi, akakataa; mwisho akaamuru ing'olewe. Bibi alinyamaza kitambo, kisha akasema tawi liende.

Fedha ilituletea mjadala. Mmoja wetu alitaka sanduku la msikiti lisaidie; mzee wa kamati akakumbusha kwamba waliotia humo walitia kwa ajili ya msikiti, si mwembe wa mtu, ingawa ni mjane. Tukachangishana kando baada ya Isha. Jirani alitoa shilingi 20,000, bila maneno.

Kwa kuwa ijara haitimii ila kazi na ujira vijulikane, safari hii tuliandika: tawi lipi, litashushwa kwa kamba au litaachwa lianguke, nani atazoa majani, kuni ni za nani, bati likivunjika analipa nani, na fundi au msaidizi wake akiumia itakuwaje. Tulimpa sehemu ya fedha ya kununulia mafuta, iliyobaki tukamkabidhi kazi ilipokwisha, kabla hajafungasha kamba zake. Habari za "njoo kesho" tumezichoka. Tuongeze hapa kwamba anayekusudia kuangusha mti mzima, hasa wa mbao kama mvule, amuulize kwanza afisa misitu wa wilaya, kwani Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inaitambua miti inayohitaji kibali.

Kazi ilifanyika Jumamosi asubuhi, mavuno yakiwa yamekwisha na maua mapya yakiwa bado mbali. Watoto walipelekwa nyumba ya tatu. Fundi alivaa kofia ngumu na mkanda, wasaidizi wawili wakashika kamba chini, na tawi likateremka taratibu mithili ya jeneza. Hasara pekee ilikuwa ya maji moto, wale sisimizi wekundu wa miembe, waliomwingia fundi shingoni, na utomvu uliomuunguza msaidizi mmoja mkononi. Jirani alisimama chini ya upenu wake tangu mwanzo hadi mwisho, akihesabu mabati.

Tawi la nyaya lipo bado. Taarifa tumeipeleka ofisi ya TANESCO na tumeahidiwa watu. Mpaka wafike, bibi amefunga kamba ya manila kuzunguka sehemu ile ya ua, na nguo anaanikia kwa jirani.