Altimetria ya rada

Altimetria ya rada ni njia ya kupima usawa wa bahari kutoka angani. Satelaiti hutuma mapigo ya redio na kupima muda yanaotumia kufika baharini na kurudi. Muda huo huonyesha umbali. Umbali ukitolewa katika kimo cha satelaiti, hupatikana kimo cha uso wa bahari.

Mwangwi huonyesha pia ukubwa wa mawimbi. Bahari ikiwa shwari, mwangwi hurudi kwa mkupuo. Ikichafuka, vilele vya mawimbi huurudisha kabla ya mabonde, hivyo huongezeka polepole.

Satelaiti ya TOPEX/Poseidon ya Marekani na Ufaransa ilirushwa mwaka 1992. Vipimo vyake na vya warithi wake vinaonyesha kwamba wastani wa usawa wa bahari duniani umepanda takriban sentimita 10 tangu 1993.

Karibu na pwani, mwangwi wa nchi kavu huchanganyika na ule wa maji. Kwa hiyo vipimo vingi vya huko vilikuwa vikitupwa, ingawa ndiko kwenye bandari na makazi ya watu. Satelaiti za Sentinel-3, ya kwanza ikirushwa mwaka 2016, hugawa mwangwi katika vipande vya takriban mita 300 kufuata njia yake, hivyo husogea karibu zaidi na ufuko. Hata hivyo, vipimo huendelea kulinganishwa na vile vya vifaa vya kupimia maji bandarini.