Picha Imefika, Maelezo Yamebaki

Kusini kidogo mwa mji wa Bagamoyo yapo magofu ya Kaole: misikiti miwili na makaburi, mengine yenye nguzo za mawe. Mpwa wangu anayapiga picha. Ameandika programu ya Python inayoipa kila picha maelezo yake: kaburi lipi, upande upi, siku gani. Kabla ya kuitumia aliniletea niikague.

Maelezo hayo hayamo ndani ya picha. Linux huruhusu faili libebe sifa za ziada, kila moja na jina na thamani yake, zikikaa pembeni kama kibandiko kwenye kifurushi. Picha yenyewe haibadiliki hata baiti moja, na hilo ndilo ninalolipenda. Tangu toleo la 3.3 la mwaka 2012, Python huziandika kwa setxattr na kuzisoma kwa getxattr. Nafasi ni finyu: kwenye mfumo wa faili wa ext4, kwa kawaida sifa zote za faili moja hupata kama kilobaiti 4. Kisa kizima cha kaburi la Sharifa pale Kaole, ambalo watu bado hulizuru, kisilazimishwe humo. Jina linatosha.

Sehemu ya kuandika ilikuwa safi. Taabu ilikuwa kwenye kunakili. Alitumia shutil.copy, ambayo huchukua yaliyomo na ruhusa tu. Nikamwelekeza kwenye copy2, inayojaribu kubeba na sifa. Akanakili kwenye flashi ya kwenda nayo Dar.

"Mjomba, zimefika zote."

Picha zilifika. Maelezo hayakufika hata moja. Flashi nyingi hutumia mifumo ya faili ya FAT32 au exFAT, ambayo haina pa kuyaweka, na copy2 ikikuta hivyo hunyamaza na kuendelea. Ukimya huo unaniudhi kuliko kosa lolote. Makaburi ya nguzo yapo Kunduchi pia, yapo na Tongoni huko Tanga. Baada ya miaka kumi nani atajua nguzo hii ni ya wapi?

Nikamtaka programu isome sifa upande wa pili baada ya kunakili, ilinganishe, na zikipungua isimame na kulitaja faili. Tena atenganishe hitilafu mbili alizozipuuza kwa pamoja: ENODATA, yaani sifa hiyo haipo, na ENOTSUP, yaani mahali pale hapapokei sifa kabisa. Ya kwanza inavumilika. Kwa safari ya Dar afunge picha pamoja kwa programu ya tar yenye chaguo la --xattrs, linalobeba sifa, na anayefungua afanye vivyo hivyo. Pembeni aweke faili la maandishi matupu, mstari mmoja kwa kila picha.

Hilo la mwisho alilinung'unikia, kwamba ni kuandika jambo moja mara mbili. Ni kweli, na sikuipitisha programu mpaka ilipofanya hivyo.