Kibanda cha uani kinachoweza kuokoa maisha ya mtoto

Ingia nyumba za wakulima wa Kilosa na Mikumi msimu wa kilimo: jembe liko nyuma ya mlango, magunia ya mahindi sebuleni, na wakati mwingine dawa ya wadudu iko chini ya kitanda, tena kwenye chupa ya soda. Mtoto wa miaka miwili hasomi lebo. Anachojua ni kwamba chupa ya soda hunywewa.

Stoo ndogo uani huondoa hatari hiyo, na mzazi anaweza kuijenga mwenyewe kwa matofali ya kuchoma, au miti na udongo, akaezeka bati.

Kilosa haijasahau mafuriko ya Mto Mkondoa ya Januari 2010, hivyo inua msingi. Jenga mbali na kisima na jiko. Ukitumia miti, paka oili chafu sehemu inayoingia ardhini ili kuzuia mchwa. Acha tundu la hewa lenye wavu, weka rafu juu mtoto asikoweza kufika, kisha funga komeo na kufuli. Ufunguo akae nao mtu mzima.

Mahindi yasikae humo pamoja na dawa. Yapangwe juu ya chaga, mahali pakavu.

Na mtoto akinywa dawa? Usimtapishe wala usimpe maziwa. Mkimbize kituo cha afya mara moja, na ubebe ile chupa ya dawa yenye lebo yake. Mganga akijua ni dawa gani, hatapoteza muda kubahatisha.