BEI YA MAFUTA IKISHUKA, NI NANI HUFAIDI NA NI NANI HUPOTEZA KAZI?

Kila mara khabari zinapofika kwamba bei ya mafuta imeanguka katika masoko ya dunia, watu hufurahi, na ni haki yao kufurahi. Mkulima wa Kiplombe hutazamia kulimiwa shamba lake kwa gharama ndogo zaidi. Mwenye matatu ya kwenda mjini Eldoret hutazamia kujaza tangi kwa fedha chache. Mama wa nyumbani hutazamia kununua mafuta ya taa kwa bei nafuu. Lakini baada ya miezi miwili mitatu manung'uniko huanza. Nauli ni ile ile, unga ni ule ule, na zaidi ya hayo kijana fulani aliyekuwa na kazi nzuri amerudi nyumbani bila kazi.

Yawezaje kuwa kitu kinachotumiwa na watu wote kinakuwa rahisi, na papo hapo watu wengine wanapoteza riziki zao? Makala haya yanaeleza jambo hilo kwa mambo yaliyotokea kweli, hasa katika nchi ya Uasin Gishu na jirani zake.

MAFUTA HUFIKAJE ELDORET?

Kwanza yafaa kukumbuka njia ya mafuta yenyewe. Kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe, Mombasa, kilifunguliwa mwaka 1963, lakini kiliacha kusafisha mafuta mwaka 2013. Tangu wakati huo petroli, dizeli na mafuta ya taa huletwa Kenya kwa meli yakiwa yamekwisha safishwa ng'ambo. Kutoka Mombasa husukumwa ndani ya bomba mpaka Nairobi. Bomba hilo lilianza kazi mwaka 1978, na mwaka 1994 lilirefushwa likafika Nakuru, Eldoret na Kisumu. Katika ghala la Eldoret malori hujaza mafuta kwa ajili ya magharibi ya Kenya, na pia kwa ajili ya Uganda na nchi nyingine zilizo mbele yake.

Basi Kenya ni mnunuzi wa mafuta. Bei ikishuka, fedha za kigeni zinazotoka nchini kwenda kulipia mafuta hupungua, nazo zaweza kununua vitu vingine, kama mbolea, dawa na mashine. Faida hiyo ni kubwa, wala si ya kudharauliwa. Lakini faida ya nchi nzima si lazima ionekane mara moja katika mfuko wa mtu mmoja.

MAANGUKO MAWILI

Katikati ya mwaka 2014 pipa moja la mafuta ghafi, yaani lita 159, liliuzwa kwa zaidi ya dola 110 za Kimarekani. Marekani ilikuwa imeongeza sana uchimbaji wa mafuta yaliyofungwa ndani ya miamba, na mwezi wa Novemba mwaka ule nchi za umoja wa OPEC, zilizokutana Vienna, zilikataa kupunguza mafuta zinayoyatoa. Mafuta yakawa mengi kuliko wanunuzi. Ilipofika Januari 2016 pipa lile lile liliuzwa kwa chini ya dola 30.

Anguko la pili lilikuja mwaka 2020. Ugonjwa wa korona ulisimamisha ndege, viwanda na magari ulimwenguni, na wakati huo huo Saudi Arabia na Urusi zilishindana kuuza mafuta kwa wingi. Tarehe 20 Aprili mikataba ya mafuta ya Marekani ya kupokelewa mwezi wa Mei ilishuka hata chini ya sifuri. Maana yake ni kwamba wenye mikataba hawakuwa na mahali pa kuyaweka mafuta, wakawa tayari kumlipa mtu ili ayachukue.

Maanguko haya hayakufanana. La kwanza lilitokana hasa na mafuta kuwa mengi, na nchi zinazonunua zikapata nafuu. La pili lilitokana hasa na kazi za dunia kusimama. Mafuta yalikuwa rahisi, lakini matatu zilikatazwa kujaza abiria, na watu walikatazwa kutembea usiku. Petroli rahisi haimfai mwenye gari asiye na abiria. Kwa hiyo, mtu akisikia kwamba bei imeanguka, na aulize kwanza imeanguka kwa sababu gani.

KWA NINI BEI YA PAMPU HAISHUKI SAWASAWA?

Mwanzoni mwa Januari 2020 pipa liliuzwa kwa zaidi ya dola 60, na kwa siku chache za mwezi wa Aprili liliuzwa kwa chini ya dola 20. Hapo zaidi ya theluthi mbili ya bei ilikuwa imeondoka. Katika Nairobi lita ya petroli ilikuwa shilingi 110 na zaidi mpaka katikati ya Aprili. Kutoka 15 Mei ikawa shilingi 83 na senti 33. Yaani ilishuka kwa robo tu. Sehemu nyingine ilikwenda wapi? Sababu zake ni nne.

Sababu ya kwanza ni kodi. Baadhi ya ushuru wa mafuta hutozwa kwa lita, wala si kwa bei. Ushuru wa kutengeneza barabara, kwa mfano, ulikuwa shilingi 18 kwa lita tangu mwaka 2016, ukapandishwa kuwa shilingi 25 mwaka 2024. Pipa likiuzwa dola 110 au dola 30, ushuru huo ni ule ule. Hata pengine kodi huongezwa wakati bei imeshuka, maana ndipo watu hawaioni sana. Mwezi wa Julai 2020 ushuru wa kustawisha kazi ya mafuta uliongezwa kutoka senti 40 mpaka shilingi 5 na senti 40 kwa lita. Na mafuta ya taa, ambayo ni taa na jiko la mtu maskini, yaliongezewa ushuru wa shilingi 18 kwa lita mwaka 2018, kusudi wafanya biashara wadanganyifu wasiyachanganye na dizeli.

Sababu ya pili ni gharama za njiani: meli, bomba, ghala, lori, na faida ya mwenye kituo. Gharama hizo hazishuki kwa kuwa mafuta ghafi yameshuka.

Sababu ya tatu ni thamani ya shilingi. Mafuta hununuliwa kwa dola. Katikati ya mwaka 2014 dola moja ilipatikana kwa shilingi chini ya 90. Mwezi wa Septemba 2015 zilihitajika shilingi zipatazo 105. Kwa hiyo mafuta yalishuka kwa mkono mmoja, na shilingi ikadhoofika kwa mkono wa pili.

Sababu ya nne ni wakati. Mamlaka ya nishati na petroli, iitwayo EPRA, hutangaza tarehe 14 ya kila mwezi bei ya juu kabisa inayoruhusiwa katika kila mji, na bei hiyo hutumika mpaka tarehe 14 ya mwezi unaofuata. Bei hiyo hufuata gharama ya shehena zilizokwisha kufika Mombasa, wala si khabari za redio za jana yake.

KAZI HUPOTEA WAPI?

Sasa tutazame upande wa hasara. Mwezi wa Machi 2012 mafuta yaligunduliwa katika kisima cha Ngamia 1, Turkana, na kampuni ya Tullow pamoja na wenzake. Barabara ya kwenda huko hupita Eldoret na Kitale, na kwa hiyo matumaini yalienea mpaka kwetu. Kazi ya namna hiyo haihitaji wachimbaji peke yao. Huhitaji madereva, mafundi wa magari, wachomeleaji vyuma, wapishi, walinzi, na watu wa kuuza mahindi, maharagwe na nyama.

Lakini mafuta ya Turkana ni mazito kama nta yakipoa, na ili yafike baharini Lamu yahitaji bomba la kupashwa moto lenye urefu wa zaidi ya kilomita 800. Pipa likiuzwa dola 110, mwenye mali aweza kukubali gharama hiyo. Likiuzwa dola 30, ataona afadhali angoje. Na akiamua kungoja, hapunguzi mshahara kidogo kidogo. Hufunga mitambo na kuwaachisha watu. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 2015, kampuni ilipopunguza uchimbaji na wafanyakazi wake.

Mwaka 2018 malori yalianza kubeba mafuta ghafi kutoka Lokichar mpaka Mombasa, na mwezi wa Agosti 2019 meli ya kwanza iliondoka na mafuta hayo. Mwishoni mwa mwaka ule mvua iliharibu barabara, malori yakasimama. Kisha likaja anguko la 2020, na mwezi wa Mei wenye kazi hiyo walitangaza kwamba mambo yaliyo nje ya uwezo wao yamewazuia kuendelea. Mwaka 2025 Tullow ilipatana kuiuzia kampuni ya Gulf Energy haki zake za Kenya.

Hasara nyingine hutoka kwa jirani. Serikali ya Sudan ya Kusini hupata karibu mapato yake yote kwa mafuta. Kwa mapatano ya mwaka 2012 ilipaswa kuilipa Sudan dola zipatazo 25 kwa kila pipa lililopita katika bomba la kwenda baharini. Bei ilipokuwa dola 110 ilibaki sehemu kubwa. Bei ilipokaribia dola 30 hakikubaki kitu. Juu ya hayo kulikuwa na vita tangu Desemba 2013. Mwezi wa Desemba 2015 paundi ya nchi hiyo iliachwa ielee. Kabla ya hapo dola moja ilikuwa paundi zipatazo 3, na baadaye ikawa zaidi ya 18. Mfanya biashara wa Eldoret au Kitale aliyekuwa akidai paundi Juba aliona deni lake limebaki sehemu ya sita. Na mzazi wa Juba aliyekuwa na watoto katika shule za Eldoret alilazimika kutafuta paundi mara sita ili alipe karo ile ile.

Vivyo hivyo kwa Wakenya waliokwenda Ghuba kutafuta kazi. Mwaka 2016 kampuni kubwa za ujenzi za Saudi Arabia ziliachisha maelfu ya wafanyakazi wa kigeni, kwa kuwa serikali iliyokuwa ikizilipa ilikuwa imepungukiwa na fedha za mafuta.

HABA NA HABA, NA PIGO MOJA

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Faida ya mafuta rahisi huja haba na haba, tena kwa watu wengi. Hasara huja kwa pigo moja, tena kwa watu wachache.

Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme trekta hutumia lita 10 kulima eka moja. Mwezi wa Mei 2020 dizeli ilishuka Nairobi kwa shilingi 19 hivi kwa lita. Basi mwenye trekta ameokoa shilingi 190 kwa eka. Mshahara wa dereva haukushuka, wala vipuri, wala deni la benki. Kwa kuwa bei ya kulima eka hupatanwa kwa maelfu, zile shilingi 190 humezwa bila mtu kuziona. Lakini fundi aliyeachishwa kazi Lokichar hakupoteza shilingi 190. Alipoteza mshahara wote, na watoto wake wakaona siku ile ile.

Kwa hiyo wanaosema mafuta rahisi hayana faida wamekosea, na wanaosema hayana madhara wamekosea pia. Ukijumlisha shilingi 190 za kila eka, na senti za kila abiria, faida ya nchi ni kubwa. Ila haimfikii yule aliyepoteza kazi, isipokuwa kuna watu wa kumfikishia.

MAMBO YA KUFANYA

Kwanza, itazame bei ya EPRA kila tarehe 14, na uiandike. Mwenye kujua dizeli imeshuka kwa kiasi gani aweza kupatana vema na mwenye trekta au mwenye lori la mahindi. Wakulima kumi wakipatana naye pamoja, zile shilingi 190 za eka moja huwa fedha za kuongelewa.

Pili, usikope kwa kutegemea bei ya mwezi mmoja. Petroli iliyokuwa shilingi 83 katika Nairobi mwezi wa Mei 2020 ilifika shilingi 217 mwezi wa Oktoba 2023. Aliyenunua gari kwa mkopo akidhani bei ile ya kwanza itadumu alijifunza kwa uchungu.

Tatu, kijana atakaye kazi katika mafuta na ajifunze ufundi unaotakiwa pia penginepo. Mchomeleaji vyuma, fundi wa injini na fundi wa umeme, visima vikifungwa, waweza kupata kazi katika karakana za Eldoret, katika viwanda, au katika matrekta ya mashamba. Lakini aliyejua kazi moja tu ya kisima hana budi kungoja kisima kifunguliwe.

Nne, wakati kazi ni nzuri, weka akiba. Bei ya mafuta huamuliwa mbali na Uasin Gishu, na watu wasiotujua. Haina ahadi na mtu ye yote. Mshahara uliopatikana kwa sababu ya bei ya juu waweza kuondoka pamoja na bei hiyo, lakini ng'ombe wa maziwa, karo iliyolipwa mapema, au fedha zilizowekwa katika chama cha ushirika haviondoki siku mitambo inapofungwa.