Ongeza Hapo Chini: Mafunzo ya Mwalimu Aliyewaandikia Wengine Barua

Maendeleo ni jambo jema, na kila mwananchi mwenye busara huyapokea kwa mikono miwili. Hata hivyo maendeleo yana desturi yake: yaingiapo nyumbani kwa mlango wa mbele, huenda yakatoa kitu kwa mlango wa nyuma, na wenye nyumba wasikitambue kilichotoka mpaka siku watakapokihitaji.

Jambo hili limemshughulisha sana mwalimu mmoja wa shule ya msingi mjini Jinja, nchini Uganda, ambaye majirani humwita Mama Mwalimu. Alianza kazi mwaka 1984 akiwa na cheti cha ualimu cha daraja la tatu, akastaafu mwaka 2022 alipotimiza umri wa miaka 60. Wengi wa wanafunzi wake walikuwa watoto wa askari jeshi na polisi. Kwa sababu hiyo, pamoja na kufundisha hesabu na kusoma, alijikuta na kazi nyingine ambayo hakuajiriwa kuifanya: kuwaandikia barua akina mama ambao waume zao walikuwa kazini mbali na nyumbani.

ZAMA ZA BARUA

Katika siku hizo barua haikuletwa mlangoni. Ilifika katika sanduku la posta la shule au la kikosi, ikangoja mtu wa kwenda kuichukua. Kujibu nako kulikuwa na taratibu zake. Mama alikuja jioni, baada ya kuteka maji na kuinjika maharagwe, akiwa na karatasi moja ya mistari na bahasha. Aliketi mkekani, naye Mama Mwalimu akaanza kwa salamu zilizozoeleka: sisi huku hatujambo, hofu ni kwako wewe uliye mbali. Baada ya salamu zilifuata habari za nyumba: sare za shule zimechanika, bati la jikoni linavuja, mahindi yamepanda bei, mbuzi amezaa.

Mwalimu alitambua mapema kwamba neno lenyewe hasa halikuwa miongoni mwa hayo. Neno lenyewe lilikuja mwishoni, wakati bahasha ilipokuwa tayari kufungwa. Mama alinyamaza kidogo, akatazama mlangoni kama kwamba yuko mtu anayesikiliza, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mwalimu, ongeza hapo chini."

Hapo chini ndipo palipokuwa na barua. Mmoja alitaka mumewe aambiwe kwamba mtoto ameanza kutembea, naye hujishikiza kwenye kiti cha baba yake. Mwingine alitaka aandikiwe kwamba hasira aliyokuwa nayo siku ya kuagana imekwisha. Wa tatu alikuwa ameugua majuma mawili, na katika sehemu ya juu ya barua alikuwa amesema wote ni wazima.

Barua hizo zilikuwa shule pia. Mtoto wa darasa la tatu aliyeweza kumsomea mama yake maneno ya baba alitembea kifua mbele mtaa mzima. Na mama mmoja, aliyechoka kuona siri zake zikipitia kinywani mwa mwanawe na kalamuni mwa jirani, aliomba afundishwe kusoma na kuandika. Barua yake ya kwanza ilikuwa na mistari minne, na makosa hayakukosekana. Mumewe alipokuja likizo alikuwa nayo mfukoni mwa shati, imekunjwa na kukunjuliwa mpaka mikunjo imetoboka. Akina mama wengine walifuata nyayo zake. Mwaka 1992 Serikali ya Uganda ilipoanzisha mpango wa kisomo chenye manufaa kwa watu wazima katika wilaya 8, zikiwamo Iganga na Kamuli zilizo jirani na Jinja, Mama Mwalimu hakuhitaji kuelezwa faida zake.

SIMU YAINGIA NYUMBANI

Hapana budi kusema kweli kuhusu simu ya mkononi. Mama Mwalimu hana haja ya kuibeza, kwani anazikumbuka vizuri taabu za zamani. Mtoto aliposhikwa na homa usiku, habari zilimfikia baba baada ya majuma kadhaa, pengine mtoto amekwisha kupona au amekwisha kuzikwa. Fedha zilitumwa kwa mkono wa askari mwenzake aendaye likizo, na si kila mkono ulifikisha kama ulivyopokea.

Tangu Machi 2007, askari wa Uganda walipoanza kupelekwa Somalia katika jeshi la Umoja wa Afrika la kulinda amani, sauti ya mume aliyeko Mogadishu imeweza kusikika Jinja siku hiyo hiyo. Na tangu Machi 2009, huduma ya kutuma fedha kwa simu ilipoanza nchini humo, fedha za dawa zinaweza kufika kabla maji ya uji hayajachemka. Nani atakayetaka kurudi nyuma?

Lakini Mama Mwalimu alianza kusikia jambo katika mazungumzo ya majirani zake. "Ada imefika?" "Imefika." "Mtoto hajambo?" "Hajambo." "Haya, salio linakwisha." Yote hayo ni mambo ya sehemu ya juu ya barua. Salio lilikwisha kabla mtu hajafika hapo chini. Watu waliozungumza kila siku walianza kulalamika kwamba hawajuani. Tena mtoto aliyezoea kuandika jina la baba yake juu ya bahasha hakuwa tena na mtu wa kumwandikia, ila mwalimu wa kumsahihisha.

SHULE ZAFUNGWA

Hasara hiyo ilidhihirika shule zilipofungwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Nchini Uganda zilifungwa mwezi Machi 2020, na ingawa baadhi ya madarasa yalirejea kwa vipindi, hazikufunguliwa kwa wanafunzi wote mpaka tarehe 10 Januari 2022. Wanafunzi wapatao milioni 15 waliathirika. Masomo yalitolewa kwa redio na kuchapishwa magazetini, lakini redio haiwezi kuona kama mtoto ameshika kalamu au amesinzia.

Mama Mwalimu, akiwa nyumbani kama walimu wengine, aliwaona wanafunzi wake wakibeba matofali na kuuza maandazi. Ndipo alipoikumbuka kazi yake ya zamani. Aliwaomba wazazi wa mtaani kwake kwamba kila mtoto ambaye baba au mama yake yuko kazini mbali amwandikie barua moja kwa juma, kwa mkono wake mwenyewe, nayo ipigwe picha na kutumwa kwa simu. Hapakuwa na stempu wala kungoja posta.

Mvulana mmoja wa darasa la nne, ambaye baba yake ni polisi na wakati huo alikuwa akilinda kizuizi cha barabarani katika wilaya ya mbali, aliandika kuhusu kuku na mvua. Alipomaliza aliiangalia karatasi yake, akachukua tena kalamu, akaongeza hapo chini: "Baba, hesabu za kugawanya nimezisahau. Usimwambie mama."

Baba hakumwambia mama. Ila kuanzia jioni iliyofuata, kila alipotoka zamu, alipiga simu na kumpa mwanawe hesabu tatu za kugawanya. Kijana alizifanya sakafuni kwa kipande cha makaa, akasoma majibu, baba akasema sawa au rudia. Dakika kumi zilitosha. Shule zilipofunguliwa na wanafunzi kupandishwa madarasa, kijana huyo aliweza kufuata masomo, huku baadhi ya wenzake wakihitaji kuanzishwa upya.

STAREHE ISIYO NA GHARAMA

Kutokana na hayo Mama Mwalimu hutoa mashauri machache kwa jamaa za askari na kwa watu wote ambao kazi huwatenganisha na nyumba zao.

Kwanza, ichaguliwe siku moja katika juma kuwa siku ya barua. Jioni ya Jumapili inafaa, chai ya tangawizi ikiwa mezani na karanga za kukaanga katika sahani. Mtoto ataipenda siku hiyo kwa ajili ya karanga, na baadaye kwa ajili yake yenyewe.

Pili, mtoto aandike mwenyewe, na mzazi asisahihishe kila kosa. Asiyejua bado kuandika na achore.

Tatu, aliye mbali ajibu kwa maandishi, ijapokuwa mistari miwili, na jibu lisomwe kwa sauti mbele ya nyumba nzima. Neno la siri liandikwe katika karatasi ya peke yake.

Nne, barua zihifadhiwe katika bati la biskuti au mfuko usiopitisha maji. Simu huibiwa na huanguka majini.

Tano, apigaye simu asikate mara tu baada ya habari za ada na dawa. Anyamaze kidogo. Katika kimya hicho ndipo mwenziwe atakapopata nafasi ya kuongeza hapo chini.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Upendo wa mume, mke na watoto nao ni mali ya nyumba, nao una haki ya kuandikwa.