FEDHA ZA KAUNTI ZAFIKAJE KIJIJINI?

Maji ya bahari yapwapo, kisiwa cha Chale, kilichoko kusini ya Diani, huonekana kana kwamba kimeusogelea ufuko. Katika kisiwa hicho mna hoteli ya wageni, na mna msitu wa kaya ambao Wadigo wameuheshimu tangu zamani. Ng'ambo ya pili, upande wa bara, mna vijiji vya wavuvi na wakulima wa minazi, mihogo na mikorosho, katika Wadi ya Kinondo, Jimbo la Msambweni. Wenyeji wa huko husikia kila mwaka kwamba mabilioni ya shilingi yametolewa Nairobi kwa ajili ya Kwale. Kisha huitazama njia yao ya mchanga na kisima chao cha maji ya chumvi, wakauliza fedha hizo zimepita wapi.

Swali hilo ni la haki, na lastahili kujibiwa waziwazi. Maana mtu asiyeijua njia ya fedha hawezi kusimama penye njia hiyo kuzingojea.

Chanzo cha fedha

Katiba iliyopitishwa mwaka 2010 iliagiza kwamba sehemu isiyopungua asilimia 15 ya mapato ya Serikali ya Taifa igawiwe kaunti. Kaunti 47 zilianza kazi mwaka 2013, na Kwale ni mojawapo. Katika mwaka wa fedha 2021/22 fungu la Kwale lilikuwa kama shilingi bilioni 8.2.

Ni fedha nyingi zikitajwa kwa mkupuo mmoja. Lakini hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba Kwale ina watu 866,820. Tukizigawa fedha zile kwa vichwa, kila mtu, mkubwa kwa mdogo, apata kama shilingi 9,500 kwa mwaka mzima. Katika hizo hapana budi zilipwe mishahara ya wauguzi na wafanyakazi wengine wa Kaunti, zinunuliwe dawa, watunzwe watoto wa madarasa ya chekechea, na zitengenezwe barabara ndogo na mabomba ya maji. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012 yataka asilimia 30, kwa uchache, itumike katika maendeleo. Kwa hesabu yetu hiyo ni shilingi 2,800 na kitu kwa kila mtu. Basi yafaa ifahamike tangu mwanzo kwamba mfuko wa kujengea si mkubwa kama jina lake, na kwamba kila kijiji kinachopewa kisima kimewekwa mbele ya kijiji kingine.

Kugawana ni kazi ngumu

Fungu hilo hugawanywa kwa kanuni ambayo hutayarishwa na Tume ya Ugavi wa Mapato, kisha Seneti huijadili na kuipitisha. Mwaka 2020 maseneta walibishana juu ya kanuni ya tatu hata nchi nzima ikawasikiliza. Wengine walisema fedha zifuate watu, penye watu wengi ziende nyingi. Wengine wakajibu kwamba nchi kavu zilizosahauliwa kwa miaka mingi, zenye watu wachache waliotawanyika, zitazidi kubaki nyuma. Kwale ilikuwa miongoni mwa kaunti zilizotazamiwa kupunguziwa fedha kama hoja ya kwanza ingepita vile vile ilivyoletwa.

Mapatano yalipatikana mwezi Septemba 2020. Idadi ya watu ilipewa uzito wa asilimia 18, afya 17, umaskini 14, kilimo 10, ukubwa wa nchi 8, barabara 8 na miji 5. Asilimia 20 iliyobaki ikagawanywa sawasawa kwa kaunti zote. Kanuni hiyo ilikubaliwa kwa sharti kwamba fedha za kaunti zote ziongezwe kutoka shilingi bilioni 316.5 hadi bilioni 370, ili asiwepo wa kunyang'anywa. Kwa ufupi, ugomvi ulikwisha kwa sababu chungu kiliongezwa unga.

Chungu cha Kwale hakiongezwi unga kwa urahisi namna hiyo, na ubishi ule ule huzuka baina ya wadi zake 20. Tuchukue mfano wa kubuni tu. Wadi moja ina watu 40,000, wengi wao mjini. Nyingine ina watu 10,000 wa vijijini. Kuna shilingi milioni 50 za maji. Zikigawanywa nusu kwa nusu, mtu wa kijijini apata shilingi 2,500, naye wa mjini apata 625. Mtu wa mjini atalia kwamba ameonewa, na atakuwa na haki. Zikigawanywa kwa vichwa, kila mtu apata shilingi 1,000. Wadi ya mjini yachukua milioni 40, ya kijijini milioni 10. Hapo mtu wa kijijini ataonyesha kwamba bomba moja la mjini hupita mbele ya nyumba mia, na bomba lake hupita katika minazi kilomita nyingi kabla ya kuonana na nyumba ya kwanza. Naye pia atakuwa na haki.

Ndiyo sababu wenye busara huchanganya vipimo. Mfuko wa Maendeleo ya Majimbo, ulioanzishwa mwaka 2003, uligawa asilimia 75 ya fedha zake sawasawa kwa majimbo yote, na asilimia 25 kwa kufuata umaskini. Kadhalika ulipofika wakati wa kuutumia Mfuko wa Usawazishaji uliowekwa na Katiba, sera ya kwanza ilitaja kaunti 14 zilizoachwa nyuma, Kwale ikiwemo. Sera ya pili, ya mwaka 2018, ilitambua kwamba hata katika kaunti yenye nafuu mna vijiji vyenye dhiki. Kwa hiyo ikataja maeneo madogo madogo 1,424 badala ya kaunti nzima nzima. Funzo hilo lahusu sana pwani ya kusini, ambako hoteli yenye taa usiku kucha yaweza kuwa jirani ya kijiji kisichokuwa na maji matamu. Mgeni apitaye barabara kuu ya Diani hawezi kuiona dhiki iliyo nyuma ya minazi. Ni lazima mwenyeji mwenyewe aieleze.

Fedha zenye masharti

Zipo fedha nyingine ambazo hutolewa kwa masharti. Mwaka 2017 Serikali ya Taifa, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ilianza mpango wa kusaidia miji 59 katika kaunti 45. Nairobi na Mombasa hazikuwemo. Fedha zilikuwa za barabara za mitaa, mifereji ya maji ya mvua, taa, masoko na kuzoa taka. Lakini mji haukupewa kwa kuwa na shida tu. Ulitakiwa uwe na hati ya manispaa, bodi ya kuusimamia na mpango wa maendeleo, na hesabu zake ziwe safi. Mji uliotayarisha karatasi zake mapema ulipokea, uliochelewa ulitazama.

Wala kijiji hakitofautiani na mji katika jambo hili. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 yakataza fedha za umma kutengwa kwa jambo lisilokuwamo katika mpango. Haja ambayo haikuandikwa, hata ikiwa kubwa namna gani, haionekani mbele ya mtu anayefanya hesabu.

Kalenda ya mwenye kutaka kisima

Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Watu wengi hudhani kwamba mwezi wa Juni ndio wa kupeleka maombi. Hilo ni kosa, na limewakosesha wengi.

Kwanza, Kaunti hutengeneza mpango mkubwa wa miaka mitano. Ule wa tatu wa Kwale ni wa 2023 hadi 2027. Pili, kila mwaka, kabla ya tarehe 1 Septemba kupita, Mpango wa Maendeleo wa Mwaka hupelekwa katika Bunge la Kaunti. Tatu, kufikia tarehe 28 Februari, hutolewa taarifa ya kuonyesha kila idara itapata kiasi gani. Nne, kufikia tarehe 30 Aprili, makadirio yenyewe hufikishwa Bungeni. Mwisho, kabla ya mwezi wa Juni kwisha, sheria ya matumizi hupitishwa.

Anayetaka kisima chake kianze kuchimbwa mwezi wa Julai mwakani hana budi kusema mwaka huu kabla ya Septemba, miezi kumi mbele. Mkulima hashangazwi na habari hii. Yeye hulima kabla ya masika. Hangojei mvua inyeshe ndipo atafute jembe.

Mkutano wa wadi

Kusikilizwa kwa wananchi si hisani ya mkubwa yeyote. Mwezi Aprili 2014 Mahakama Kuu iliitangua sheria ya kodi na ada ya Kaunti ya Kiambu ya mwaka 2013, kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Tangu hapo kila kaunti imejua kwamba tangazo dogo gazetini na mkutano wa saa moja huenda visitoshe.

Lakini mkutano una pande mbili. Na tuseme vijiji viwili vina shida moja ya maji. Watu wa kijiji cha kwanza waja mwezi wa Mei, hamsini kwa idadi, nao wapiga kelele kwelikweli. Warudi kwao wakijisifu. Watu wa kijiji cha pili waja mwezi wa Agosti, kumi tu, wanawake na wanaume, na karatasi moja mkononi. Imeandikwa humo idadi ya nyumba, umbali wa kwenda kisimani, majina ya wazee wa kijiji, na mahali ambapo kisima kitachimbwa, pamoja na ridhaa ya mwenye ardhi. Mwandishi wa mkutano ataiandika haja ya pili kwa maneno kumi, naye hatahitaji kuuliza neno. Ile ya kwanza ataiandika "malalamiko ya maji", na hapo itakoma.

Neno la ardhi lisipuuzwe. Katika pwani ya kusini wako watu wengi wanaoishi juu ya ardhi isiyo na hati kwa majina yao. Kaunti haiwezi kujenga zahanati au tangi la maji mahali penye ubishi, na fedha zilizotengwa zaweza kukaa bure mpaka mwaka ukaisha. Wazee wakilimaliza jambo hilo mapema, wameiokoa nusu ya kazi.

Tena wanawake wasiachwe nyumbani. Mwanamume akiulizwa haja ya kijiji aghalabu hutaja barabara. Anayebeba ndoo kichwani alfajiri ndiye ajuaye kisima kiko mbali kiasi gani.

Baada ya kuandikwa

Jina la kijiji likisha kuonekana katika kitabu cha makadirio, kazi haijaisha. Mara nyingine fedha huchelewa kutoka Nairobi. Mara nyingine mkandarasi hukusanya vifaa akatoweka. Mdhibiti wa Bajeti hutoa taarifa za matumizi ya kila kaunti, na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu huzikagua kila mwaka. Taarifa hizo si siri. Aidha, Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 yampa kila raia ruhusa ya kuuliza kwa barua, na afisa apaswa kumjibu kwa muda usiozidi siku 21. Karani anayejua kusoma na kuandika, akienda likizo kijijini kwao, aweza kuwafaa jamaa zake kwa barua moja ya namna hiyo kuliko kwa hotuba nyingi.

Kwa upande wao, maafisa nao wana deni. Mkutano uliotangazwa jana ili ufanyike leo humwacha mvuvi baharini. Kitabu cha Kiingereza chenye kurasa mia tatu hakimwelezi mtu kitu. Na haja iliyokataliwa yastahili kurudishiwa jibu na sababu zake, ili wenye nayo wajue kama wangoje au watengeneze upya.

Si kwamba watu wa sehemu hizi ni wageni wa kazi ya kugawana. Karibu na Chale, katika ghuba ya Gazi, vijiji vya Gazi na Makongeni viliuanza mwaka 2013 mradi wa Mikoko Pamoja, unaohifadhi hektari 117 za mikoko na kuuza hewa ya kaboni inayohifadhiwa humo. Mapato yake si mabilioni; lakini wanakijiji wenyewe hukutana na kuchagua yatumike wapi, na yamesaidia maji na shule. Mwaka 2017 mradi huo ulipewa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Walioweza kugawana kidogo kwa uwazi wana haki ya kudai kwamba kikubwa nacho kigawanywe hivyo hivyo.

Wazee wa pwani walisema zamani kwamba asiyekuwapo na lake halipo. Mwezi wa Agosti, mkutano wa wadi uitwapo, kila kijiji na kiangalie nani atakwenda, na karatasi gani atakuwa ameishika.